Kuweka Wakili wa Utetezi katika Kesi ya Jinai: Mwongozo kwa Wananchi wa Nyashimo na Mkoa wa Simiyu

Na Mwandishi Wetu

Mtu anapokamatwa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, taarifa huifikia familia yake ndani ya muda mfupi. Ndugu hukutana, huchanga fedha na kuanza kuuliza nani anaweza kusaidia. Hutokea wakili akatafutwa mwisho: mtuhumiwa amekwisha kutia saini maelezo yake polisi, dhamana imekwama, au hukumu imekwisha kusomwa. Kwa wakati huo fedha zilizochangwa hununua msaada mdogo kuliko ule ambao zingenunua siku ya kwanza.

Makala haya yanaeleza kwa mpangilio namna mwananchi anavyoweza kupata wakili wa utetezi, kuthibitisha kuwa ni wakili halali, kukubaliana naye malipo, na kufika mahakamani akiwa amejiandaa. Yanaeleza pia njia zilizopo kwa asiye na uwezo wa kulipa.

Msingi wa haki ya kutetewa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6), inaweka mambo mawili ambayo kila mshtakiwa anapaswa kuyafahamu. La kwanza ni haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. La pili ni kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai hatendewi kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatamka kuwa mtu anayeshtakiwa anaweza kutetewa na wakili. Aidha, katika shauri la Thomas Mjengi dhidi ya Jamhuri, lililochapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1992, Mahakama Kuu ilisisitiza kuwa haki ya kuwa na wakili haina maana kwa mtu ambaye hajaambiwa kuwa anayo.

Jukumu la kuthibitisha kosa ni la upande wa mashtaka, na kiwango ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Kazi ya wakili wa utetezi ni kuhakikisha kuwa kiwango hicho kinafikiwa kwa ushahidi halali, au mshtakiwa anaachiwa. Kwa hiyo kumtetea mshtakiwa ni sehemu ya utaratibu wa kutoa haki, na si kutetea uhalifu.

Tofauti kati ya wakili, mwanasheria na msaidizi wa kisheria

Katika mazungumzo ya kawaida kila mtu aliyesoma sheria huitwa mwanasheria, na wanasheria wote hudhaniwa kuwa mawakili. Mbele ya mahakama tofauti ni kubwa.

Mwanasheria ni mtu mwenye shahada ya sheria. Wakili ni mwanasheria aliyepitia mafunzo ya vitendo, akaapishwa, jina lake likaandikwa katika Daftari la Mawakili kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na mwenye leseni hai ya uwakili ambayo huhuishwa kila mwaka. Mwenye shahada pekee hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu mwingine.

Wakili wa Serikali katika kesi ya jinai huendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri. Yeye, pamoja na mwendesha mashtaka yeyote wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, hawezi kuwekwa na mshtakiwa. Karani wa mahakama naye si mshauri wa upande wowote, ingawa anaweza kumweleza mwananchi tarehe ya kesi, chumba cha mahakama na utaratibu wa kupata nakala.

Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo maalumu na kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hutoa elimu, ushauri wa awali na kumwelekeza mwananchi mahali pa kupata huduma. Haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza mwananchi malipo.

Nje ya makundi hayo wapo watu wanaojulikana kwa jina la vishoka. Hawa huzunguka karibu na vituo vya polisi na mahakama, hujitambulisha kama mawakili au watu wenye uhusiano na mahakama, na hupokea fedha bila risiti. Kufanya kazi za uwakili bila sifa ni kosa la jinai. Hasara kubwa zaidi humpata mshtakiwa mwenyewe, kwa kuwa siku ya kesi hujikuta amesimama kizimbani peke yake, fedha za familia zikiwa zimekwisha.

Saa za kwanza katika kituo cha polisi

Mwananchi anaweza kuweka wakili kabla ya kesi kufunguliwa mahakamani. Kwa makosa mengi huu ndio wakati wenye uzito zaidi, kwa sababu maelezo ya onyo yanayoandikwa polisi yanaweza baadaye kutumika kama ushahidi dhidi ya aliyeyatoa.

Sheria inamtaka askari kumweleza mtu aliye chini ya ulinzi kosa analotuhumiwa nalo na kumwonya kuwa halazimiki kujibu maswali. Mtuhumiwa anapoomba, anapaswa kuwezeshwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ikishindikana, atafikiriwa dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, sheria inataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo.

Wakili akiwapo wakati wa mahojiano, husikia maswali na majibu, na huweza kuona kama maelezo yaliyoandikwa ni yale yaliyosemwa. Iwapo hakuwapo, mtuhumiwa asomewe maelezo yake yote kabla ya kutia saini, na aombe kurekebisha sehemu isiyo sahihi. Asiyejua kusoma ana haki ileile ya kusomewa. Iwapo maelezo yalichukuliwa kwa vitisho, mateso au nje ya muda wa kisheria, wakili atapaswa kuyapinga pale upande wa mashtaka unapoomba yapokelewe kama kielelezo. Pingamizi linaloibuliwa baada ya kielelezo kupokelewa huwa dhaifu.

Kesi itasikilizwa wapi?

Kabla ya kuweka wakili, familia ifahamu kesi iko mahakama ipi, kwa kuwa jambo hilo hugusa gharama, muda na hata ruhusa ya wakili kufika.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza makosa madogo. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuwakilisha wateja katika mahakama hizo. Marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, yalibadili hali hiyo, na sasa wakili anaweza kufika katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na Hakimu Mkazi. Mwananchi aulize mapema iwapo hakimu wa mahakama husika ana hadhi hiyo. Iwapo hana, ipo njia ya kuomba shauri lihamishiwe mahakama ya juu kwa sababu zinazotambuliwa na sheria.

Mahakama ya Wilaya husikiliza makosa mengi zaidi, yakiwamo wizi wa mifugo, kujeruhi, kubaka na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwananchi asidhani kuwa mahakama ya wilayani hutoa adhabu ndogo. Kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo hakipungui miaka 30, na adhabu hiyo inaweza kutolewa na Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Hakimu Mkazi nayo ina mamlaka yanayokaribiana na hayo katika ngazi ya mkoa.

Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka ya makosa kama mauaji na uhaini. Mshtakiwa wa mauaji hupelekwa kwanza katika mahakama ya chini, ambako haulizwi kukiri wala kukana, mpaka upelelezi ukamilike na shauri lipelekwe Mahakama Kuu. Ukimya wake katika hatua hiyo ni utaratibu wa sheria na hauhesabiwi kuwa kukubali kosa.

Yapo pia mashauri ya uhujumu uchumi. Kwa mkoa kama Simiyu, unaopakana na maeneo ya hifadhi ya wanyamapori, kupatikana na nyara za Serikali ni kosa linaloweza kumfikisha mtu katika kundi hilo. Mahakama ya chini haiwezi kusikiliza shauri la uhujumu uchumi bila hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka inayoipa mamlaka. Kuhakiki iwapo hati hiyo ipo na ni sahihi ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo wakili makini huyaangalia.

Wakili wa karibu au wa mbali

Wakili mwenye leseni hai ya Tanzania Bara anaweza kufika katika Mahakama Kuu na mahakama za chini yake popote Tanzania Bara, kwa kuzingatia masharti ya Mahakama za Mwanzo yaliyotajwa hapo juu. Nyashimo ipo kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, hivyo mwananchi anaweza kutafuta wakili Bariadi, Mwanza au kwingineko.

Wakili wa karibu ana manufaa yanayoonekana. Kesi ya jinai hutajwa mara kadhaa kabla ya kuanza kusikilizwa, na kila tarehe huhitaji mtu kufika. Wakili aliye karibu hufika kwa gharama ndogo, hukutana na mashahidi wa utetezi kwa urahisi, na anaweza kulitembelea eneo la tukio. Katika shauri la mpaka wa shamba lililogeuka kuwa kesi ya kujeruhi, au la ng'ombe waliokutwa katika zizi la mtu mwingine, kuliona eneo lenyewe hubadili maswali ambayo wakili atamuuliza shahidi.

Wakili wa mbali anaweza kufaa zaidi iwapo ana uzoefu wa aina fulani ya mashauri, kwa mfano uhujumu uchumi au mauaji. Umaarufu pekee usiwe kigezo. Mwananchi aulize: Je, amewahi kuendesha mashauri ya aina hii? Je, atafika mwenyewe au atatuma wakili mwingine? Je, ana shauri jingine tarehe hiyo hiyo katika mahakama nyingine? Hukumu nyingi za mahakama za Tanzania huchapishwa bila malipo katika mtandao wa TanzLII, na majina ya mawakili waliofika huweza kuonekana humo.

Tahadhari moja ihusu washtakiwa wawili au zaidi katika kesi moja. Ndugu hupenda kuweka wakili mmoja ili kupunguza gharama. Inawezekana iwapo utetezi wao haupingani. Lakini kama mmoja atamtaja mwenzake kuwa ndiye mhusika, wakili huyo hawezi kuwatetea wote kwa uaminifu, na kila mmoja anahitaji wakili wake.

Namna ya kuthibitisha uhalali wa wakili

Mwananchi ana haki ya kumuuliza wakili jina lake kamili na namba yake ya uwakili, na wakili halali hakasiriki kwa swali hilo. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa kielektroniki uitwao e-Wakili, ambamo mtu anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na simu janja anaweza kuomba msaada katika ofisi ya mahakama au kwa ndugu mwenye intaneti. Taarifa zinaweza pia kupatikana kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika, kinachojulikana kwa kifupi TLS, ambacho kilianzishwa mwaka 1954.

Jina likutwe limeandikwa vilevile kama lilivyo katika makubaliano na katika risiti. Iwapo mtu anajitambulisha kwa jina moja na anaomba fedha zitumwe kwenye namba ya simu yenye jina jingine, malipo yasimamishwe mpaka maelezo ya kuridhisha yapatikane.

Makubaliano na malipo

Makubaliano yawekwe kwa maandishi hata kama wakili anafahamika na familia. Yataje kazi itakayofanyika, kiasi cha malipo, awamu za kulipa, na nani atagharamia usafiri, malazi na nakala za nyaraka. Yaseme wazi iwapo malipo ni kwa shauri zima au kwa kila siku ya kufika mahakamani, na iwapo yanajumuisha maombi ya dhamana. Rufaa huwa ni kazi ya pekee, hivyo makubaliano yaeleze kama imo au haimo.

Kila malipo yatolewe risiti. Ng'ombe, mazao au kiwanja visikabidhiwe kama malipo bila kuandikwa thamani yake na kushuhudiwa.

Mambo mawili yakisikika katika mazungumzo ya malipo, mwananchi asiendelee. La kwanza ni ahadi ya ushindi. Hakuna wakili anayeweza kuahidi matokeo ya kesi, kwa kuwa uamuzi ni wa mahakama. La pili ni fedha ya hakimu, ya mpelelezi au ya mwendesha mashtaka. Kutoa rushwa ni kosa kama kupokea, na familia inayochanga fedha hizo inaweza kujikuta na mshtakiwa wa pili. Taarifa za kuombwa rushwa zitolewe TAKUKURU, ambayo hupokea simu bila malipo kupitia namba 113.

Ndugu anaweza kulipa na kusaini makubaliano kwa niaba ya aliye mahabusu. Hata hivyo, mteja ni mshtakiwa mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua kukiri au kukana shtaka, na mazungumzo yake na wakili wake ni siri inayolindwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Mlipaji hana haki ya kudai aelezwe kila kilichosemwa. Ulinzi huo unamwezesha mshtakiwa kumweleza wakili ukweli wote, ukiwamo ule usiompendeza. Wakili anayesikia jambo kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa mashtaka hana nafasi ya kujiandaa nalo.

Dhamana

Dhamana haiuzwi. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenye dhamana huachiwa kwa masharti, ambayo kwa kawaida ni wadhamini wenye barua za utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa na vitambulisho, pamoja na hati ya kiasi ambacho mdhamini atawajibika nacho iwapo mshtakiwa hatafika. Kwa makosa yanayohusu mali inayozidi kiwango kilichowekwa na sheria, mshtakiwa anaweza kutakiwa kuweka fedha au hati ya mali isiyohamishika.

Makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na usafirishaji haramu wa binadamu hayana dhamana kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa kifungu kinachoweka orodha hiyo hakikiuki Katiba. Kwa hiyo mtu anayeahidi kumtoa mshtakiwa wa mauaji kwa dhamana kabla ya shauri kusikilizwa, kwa malipo yoyote, anadanganya.

Mdhamini naye afahamu wajibu wake. Mshtakiwa akikimbia, mdhamini anaweza kuamriwa kulipa kiasi alichojifunga nacho.

Siku ya kufika mahakamani

Kuwa na wakili hakumwondolei mshtakiwa wajibu wa kufika. Asiyefika bila sababu ya msingi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa na dhamana yake kufutwa. Mshtakiwa afike mapema, awe na kitambulisho, na wadhamini wake wapatikane kwa simu.

Shtaka husomwa na mshtakiwa hutakiwa kujibu. Jibu hili ni zito. Mtu anayesema "ni kweli" akimaanisha kuwa alikuwapo eneo la tukio anaweza kuandikiwa kuwa amekiri kosa. Asiyeelewa shtaka aombe lielezwe tena. Lugha ya mahakama ni Kiswahili kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, na mshtakiwa anayezungumza Kisukuma pekee ana haki ya kupatiwa mkalimani.

Hufuata usikilizwaji wa awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa hubainishwa na kutiwa saini. Jambo lililokubaliwa hapo huhesabiwa kuwa limethibitishwa bila shahidi kuitwa, hivyo ni hatari kukubali orodha ya maelezo bila kuielewa. Mshtakiwa anayetaka kujitetea kuwa hakuwapo eneo la tukio anatakiwa kutoa taarifa ya utetezi huo kabla shauri halijasikilizwa, au angalau kutoa maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Mwenye wakili tangu mwanzo huwa amekumbushwa jambo hili. Anayeweka wakili shauri likiwa limefika mwisho hukuta nafasi hiyo imepita.

Baada ya ushahidi wa mashtaka, mahakama huamua iwapo mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Iwapo anayo, hujitetea na kuita mashahidi wake. Majina ya mashahidi hao na mahali wanapopatikana yakabidhiwe kwa wakili mapema, ili wito wa mahakama utolewe kwa wakati.

Tangu mwaka 2019 sheria pia inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya upande wa mashtaka na mshtakiwa kwa baadhi ya makosa. Uamuzi huo hufanywa kwa hiari, na ni vema usifanywe bila ushauri wa wakili, kwa kuwa mwisho wake ni mtu kutiwa hatiani.

Wakili asipofika siku ya kesi, mshtakiwa aieleze mahakama kwa heshima na kuomba ahirisho. Mahakama hailazimiki kukubali kila mara. Mshtakiwa ana haki ya kubadili wakili, lakini mahakama ijulishwe na jalada la wakili wa awali likabidhiwe kwa mpya.

Kwa asiye na uwezo wa kulipa

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, inaipa mahakama uwezo wa kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada wa kisheria pale jaji au hakimu anapoona kuwa haki inahitaji hivyo na kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kumlipa wakili. Katika mashauri ya mauaji Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali.

Katika Mahakama ya Wilaya msaada huo hauji wenyewe, hata pale adhabu inapoweza kufika miaka 30. Mshtakiwa anapaswa kuomba. Atamke mbele ya hakimu kuwa anahitaji wakili na hana uwezo wa kumlipa, na aombe maneno yake yaandikwe katika mwenendo wa shauri. Maombi hayo yatolewe mapema, kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

Njia nyingine ni watoa huduma za msaada wa kisheria waliosajiliwa, wanaosimamiwa na Msajili chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia watoa huduma wanaotambulika wilayani. Mwananchi pia afuatilie matangazo ya Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, ambayo wataalamu wake huwafikia wananchi katika maeneo yao bila malipo. Sheria hiyo ya mwaka 2017 inawagusa pia walio vituo vya polisi na magerezani, hivyo mahabusu anaweza kuwasilisha ombi lake kupitia uongozi wa mahali alipo.

Kwa mtoto, yaani mtu mwenye umri chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka shauri lisikilizwe katika Mahakama ya Watoto, kwa faragha, na Afisa Ustawi wa Jamii awepo. Mtoto ana haki ya kuwakilishwa na wakili na kuwa na ndugu wa karibu. Mzazi apeleke polisi cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au uthibitisho mwingine wa umri mara tu mtoto anapokamatwa, kwa kuwa umri ukiandikwa vibaya shauri huchukua njia isiyostahili.

Baada ya hukumu

Muda wa rufaa ni mfupi na huanza kuhesabika mara moja. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Aliye gerezani huwasilisha nyaraka zake kupitia Mkuu wa Gereza.

Familia iombe nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri kwa barua siku hiyo hiyo ya hukumu, na kubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo itakayothibitisha kuwa ucheleweshaji, kama utatokea, haukuwa wa mrufani.

Malalamiko dhidi ya wakili

Wakili anayepokea malipo na kutofika, anayetumia fedha za mteja kinyume cha makubaliano, au anayekiuka maadili, anaweza kulalamikiwa katika Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili. Kamati ina uwezo wa kuonya, kusimamisha na kuamuru jina liondolewe katika Daftari. Mlalamikaji aambatanishe makubaliano, risiti na tarehe za kesi. Aliyelipa bila maandishi atapata shida kuthibitisha dai lake hata akiwa na haki.

Kwa muhtasari

Ndugu akikamatwa, familia ichukue hatua zifuatazo kwa mpangilio:

1. Ijue kituo alichopo na kosa analotuhumiwa nalo, na imkumbushe haki yake ya kukaa kimya na kuwasiliana na wakili.
2. Itafute wakili kabla ya maelezo kuandikwa, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.
3. Ithibitishe jina lake katika mfumo wa e-Wakili kabla ya kutoa fedha yoyote.
4. Iandike makubaliano na kudai risiti kwa kila malipo.
5. Iandae wadhamini na nyaraka zao kabla ya siku ya kwanza ya mahakama.
6. Iwapo haina uwezo, mshtakiwa aombe msaada wa kisheria mbele ya hakimu, na ombi hilo liandikwe.
7. Ihesabu siku za rufaa tangu siku hukumu inaposomwa.

Mwananchi anayehitaji ufafanuzi kuhusu tarehe na hatua ya kesi afike katika ofisi ya mahakama inayoshughulikia shauri hilo, akiwa na namba ya kesi. Huduma hiyo ya kuuliza haina malipo.